Daraja Lililopinda

Jumamosi ile duka la vifaa vya ujenzi lilifurika watu utadhani mji mzima umeamua kuezeka siku moja. Mafundi walipigana vikumbo mbele ya kaunta, huyu akitaka misumari, yule akibishania rangi, na vumbi la saruji liliwakereketa wote kooni bila kubagua. Katikati ya zogo hilo alisimama mwanamke aliyevaa gauni la buluu lenye mifuko miwili mikubwa, na mifuko yenyewe ilikuwa imetuna kwa vifuniko vya chupa. Alikuwa akimwomba muuzaji vitu ambavyo hakuna mteja aliyewahi kuviomba pale: maboksi matupu, kadi za rangi za mwaka jana, na vipande vya mbao visivyofaa tena kuuzwa.

Nyuma yake kwenye foleni alikuwapo seremala mrefu mwenye ovaroli ya kijivu, penseli nyuma ya sikio na unga wa mbao kwenye nyusi. Mtaani walimwita Milimita, na jina hilo alilipata kwa haki. Mlango aliouchonga yeye ulifungwa bila kuguna. Aliwahi kuivunja meza nzima iliyokwisha kupakwa vanishi kwa sababu mguu mmoja uliwazidi wenzake kwa unene wa kadi. Mteja alipomwambia kwamba haoni tofauti yoyote, alijibu kuwa yeye anaiona, akaanza upya.

"Samahani, dada," alimwuliza yule mwanamke. "Unajenga nini kwa takataka zote hizo?"

Akageuka. Alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kuulizwa maswali mia kwa siku. "Najenga darasa. Nafundisha chekechea, watoto wa miaka minne na mitano. Hizi unazoziita takataka ndizo vitabu vyao."

"Vitabu visivyo na maandishi?"

"Na wao hawajajua kusoma. Ngoma droo."

Foleni ikacheka, na Milimita, ambaye kucheka kwake kulikuwa kwa nadra, akacheka pia. Kabla zamu yake haijafika alikuwa amekwisha kuahidi kumchongea vibao mia vya kujengea kutokana na mabaki ya karakana yake. Alikuwa pia ameomba namba ya simu ili, kama alivyodai, apate vipimo kamili. Haya, tumwache na vipimo vyake.

Vipimo viliulizwa jioni hiyo, na jioni iliyofuata, na ya tatu yake. Alitaka kujua kiganja cha mtoto wa miaka minne kina upana gani. Akataka kujua kama pembe ziwe kali au za mviringo. Mwalimu akamwambia ziwe za mviringo, tena azipige msasa mpaka zisimkwaruze mtu hata shavuni. Simu ya jioni ya nne haikuwa na swali.

"Leo fundi unapima nini?" mwalimu akamwuliza.

"Leo nimeishiwa. Nimepiga tu nikusikie."

"Hilo ungelisema siku ya kwanza, usingemaliza vocha."

Alipopeleka vibao alikusudia kuvishusha na kurudi kazini. Akakaa asubuhi nzima, kwenye kiti cha mtoto, magoti yakikaribia kidevu. Miaka yote alidhani kazi ya chekechea ni kufuta makamasi, kuimba na kungoja wazazi. Sasa aliona mambo mengine. Mtoto alileta mchoro, na mwalimu hakusema "mzuri" akamalizana naye. Alimwomba amsimulie kilichomo, akasikiliza mpaka mwisho. Wawili waligombania ndoo, na mwalimu akapiga magoti, macho yake yakawa sawa na yao, akampa kila mmoja nafasi ya kusema mpaka wakaamua wenyewe. Mmoja alihesabu vifuniko akaruka tano. Mwalimu hakumwambia amekosea. Alimwomba ahesabu tena akigusa kimoja kimoja, na yule mtoto akaikuta tano yake mwenyewe, akapiga kelele za furaha.

Alikuwapo pia binti mdogo kuliko wote, waliyemwita Kadogo. Kadogo aliogopa kukosea kama watu wengine wanavyoogopa mbwa. Penseli ikimteleza, aliikunja karatasi akaificha chini ya makalio. Asubuhi hiyo alisogea karibu na vibao vipya, akasimama. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye zulia hapo hapo. Hakumwita wala hakumtazama. Alijisogeza tu kidogo, nafasi ikapatikana, na baada ya muda mrefu Kadogo akaketi.

"Nilikuona ulivyojisogeza," Milimita alimwambia kwenye simu jioni. "Mbona hukumwita?"

"Ningemwita angekuja kwa ajili yangu. Nilitaka aje kwa ajili yake."

Milimita alikuwa amefanya kazi na mafundi hodari kwa miaka kumi na minne, na hakuwahi kumwona mtu anayeijua kazi yake kiasi hicho. Alimpenda, akajua amempenda. Na kwa kuwa mapenzi ni kikohozi, wiki haikuisha kabla karakana nzima haijajua. Mwalimu naye alianza kumwita "Milimita wangu" mbele ya dada yake, akataniwa mpaka akazima simu.

Wakati huo Kadogo na wenzake walikuwa wakijenga daraja kwa vile vibao. Liliwachukua wiki tatu, kutoka ukingo wa zulia mpaka chini ya dirisha. Lilianguka, wakajadiliana, wakalisimamisha, likaanguka tena. Kila mchana mwalimu alilifunika kwa shuka ili mfagiaji asiliguse, na kesho yake waliendelea walipoishia. Kadogo ndiye aliyekuwa kinara. Likianguka hakujificha tena. Aliinama, akatazama, akasema, "Hapa pazito."

Ijumaa mwalimu alimweleza Milimita kwamba Jumatatu wazazi wangekuja kuona kazi za watoto.

"Natamani daraja lisimame hata asubuhi hiyo moja," alisema. "Kadogo amwoneshe mama yake."

Laiti angejua anamwambia nani. Jumamosi Milimita alikwenda shuleni kufunga shelfu, kazi aliyopewa na mwalimu mkuu pamoja na ufunguo. Alipomaliza akainua shuka. Daraja lilikuwa limeinama upande mmoja kama mlevi, mguu wake mfupi ukitegemea vifuniko na kipande cha boksi. Akalifunika, akaenda mpaka mlangoni. Akarudi. Akalibomoa lote, akapiga randa, akatia gundi na vijiti vya kushikilia, akaweka pima maji, likalala sawasawa. Akalipaka vanishi. Alipoondoka aliacha kikaratasi mezani kwa mwalimu: "Limesimama, mpenzi." Alipiga mluzi njia nzima.

Jumatatu mwalimu alikuja na gauni la njano lililopigwa pasi vizuri, akakuta kikaratasi, akadhani ni masihara ya kumtia moyo. Wazazi wakajaa. Kadogo akamshika mama yake mkono, akampeleka mpaka chini ya dirisha, akavuta shuka mwenyewe.

Daraja likang'aa. Wazazi wakapiga makofi, mwalimu mkuu akasema hajapata kuona kazi ya watoto kama hiyo, na mama yake Kadogo akainama kwa bashasha. "Mwanangu, hili umelijenga wewe?"

Kadogo alijaribu kuchomoa kibao kimoja. Hakikutoka. Akajaribu kingine.

"Si mimi," akasema. "Langu lilikuwa bovu. Wameliondoa."

Akaweka mikono nyuma, akaenda kusimama ukutani. Mwalimu angeweza kunyamaza, maana sifa zote zilikuwa zake. Hakunyamaza. Aliwaambia wazazi kwamba daraja hilo limejengwa na fundi mwema aliyetaka kuwafurahisha, na kwamba la watoto lilikuwa limepinda na limeanguka mara kumi na tisa, na ndilo alilotaka walione. Baadhi ya wazazi walimtazama kama mtu aliyepata homa. Yeye moyo ulikuwa ukimuuma kwa ajili ya yule mtoto aliye ukutani, na uliuma zaidi alipokumbuka mkono uliofanya hayo ni wa nani.

Simu alipiga saa nane, darasa lilipokuwa tupu. Milimita akaipokea akingoja shukrani.

"Mpenzi, wamesemaje?"

"Wamepiga makofi. Kadogo hajagusa kitu tangu asubuhi. Umefanya nini?"

"Nimekusaidia. Si ulisema unatamani lisimame?"

"Nilitaka walisimamishe wao."

"Lilikuwa limepinda. Watajifunza nini kwa kitu kilichopinda? Samaki mkunje angali mbichi."

"Watoto wangu si samaki. Kadogo alikuwa ameanza kusahau kwamba kazi yake ni mbovu, na wewe umemkumbusha. Wiki tatu, fundi. Umezifuta kwa mchana mmoja."

"Mimi siwezi kuona kitu kimepinda nikakipita."

"Basi usije karibu na watoto. Wala karibu nami, maana mimi nimepinda pengi."

Akakata. Alijuta kabla hajaiweka simu mezani, lakini hakupiga tena. Milimita naye aliumia, akaumia kama wanaume wengi wanavyoumia, yaani kwa kufanya kazi kupita kiasi na kusema hana neno. Wiki mbili zikapita hivyo. Darasani Kadogo aliketi mikono mapajani, akikataa penseli, vibao, hata udongo. Mwalimu hakumlazimisha. Alijisogeza kila asubuhi, nafasi ikabaki tupu, na pengo hilo lilimkosesha raha.

Jumapili Milimita alikwenda kumsalimu mama yake. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda ambacho Milimita alikichonga akiwa na miaka tisa, kigoda chenye miguu mitatu isiyosikilizana. Kwa miaka mingi alimwomba akubali kuletewa kipya, mama akakataa, na yeye alidhani ni uzee. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, akamwuliza sababu.

"Uliponiletea hiki nilijua nimezaa fundi," mama akasema. "Ukikinyoosha, kitakuwa kigoda tu."

Milimita aliaga mapema. Alimpigia mwalimu akiwa bado njiani.

"Nimeelewa nilichofanya," alimwambia. "Naomba nije nikitengue."

Mwalimu alikuwa ameikumbuka mno sauti hiyo. "Mimi siye wa kuombwa, fundi. Njoo umwombe mwenyewe."

Kesho yake asubuhi Milimita akaketi kwenye zulia, ovaroli ikiwa imefuliwa, mbele ya Kadogo na darasa zima.

"Mimi ndiye niliyeliondoa daraja lako," alimwambia. "Halikuwa bovu. Sikukuomba ruhusa. Nilikosea, nisamehe."

Watoto wakakodoa macho. Mtu mkubwa kiasi hicho naye hukosea? Mmoja akauliza kama alipigwa. Milimita akasema hakupigwa, ila ilimuuma vilevile. Kadogo aliacha mikono mapajani.

Basi Milimita akaanza kujenga daraja kwa vibao vitupu, bila gundi wala kijiti, kama walivyojenga wao. Likaanguka. Mtaalamu wa milango hakujua jinsi kibao kisichoshikiliwa kinavyokuwa mkaidi. Alirudi siku ya pili na ya tatu kabla ya saa za kazi, likaanguka mbele ya wote, na kila likianguka alisema kweli kwamba hajui sababu. Mwalimu aliangalia akiwa mbali, mikono amefumbata, akizidi kumpenda na kujizuia asimsaidie.

Siku ya nne Kadogo akaja. Alikaa, akatazama, akachukua kibao akakisukuma chini ya mguu wa daraja. Kilikaa mshazari. Kilikaa vibaya sana. Mkono wa kulia wa Milimita uliinuka wenyewe kwenda kukinyoosha, na hapo akafanya kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya: aliukalia. Kadogo akaongeza kingine, mshazari vilevile, na kingine, muda mrefu, huku jasho likimtoka fundi. Daraja likasimama. Kadogo akalitazama, akaona pa kuboresha, akachomoa kibao kimoja, na lote likaporomoka kwa kishindo.

Kadogo akaangua kicheko.

"Tuanze tena," akasema.

Mwalimu aligeukia dirishani ili watoto wasione machozi yake. Kengele ilipolia na wote kutoka nje, alikuja akaketi zuliani, gauni lake la buluu likimwagika juu ya vibao.

"Bado umeukalia mkono," alimwambia.

"Umekufa ganzi." Milimita alijaribu kutabasamu. "Mwalimu wangu, nilipanga maneno wiki nzima, yote yamenipotea. Nataka kukuoa. Sijapima chochote, wala sijui nyumba yetu itakaaje."

"Na nikipinda?"

"Nitakuuliza kwanza."

Mwalimu akacheka, kisha akakubali, akasema ndiyo mara mbili, ya pili ikiwa ya kujihakikishia kwamba ndiye aliyesema. Akampa mkono wake. Milimita akaupokea kwa ule uliokufa ganzi, akasubiri hapo hapo, bila haraka, mpaka alipoanza kuvisikia vidole vyake.