Mkono Ulio Begani

"Kambale, unaogopa nini? Weka mukono kwa bega yangu. Mume hasimamaka hivyo kama nguzo ya stima."

"Nimeweka."

"Hujaweka. Unaelea tu hewani. Baba ataona."

Nikaweka. Kamera ilikuwa juu ya kreti mbili za soda, maana mguu wa stendi yake ulivunjika kwenye harusi moja Kitswamba na sijapata mwingine. Kitaa chekundu kikaanza kuwakawaka. Sekunde kumi za kusimama karibu na Phionah, shavu lake likilala juu ya vidole vyangu, halafu mlio, halafu basi.

"Imetoka?"

"Imetoka."

"Nimecheka vizuri?"

"Umecheka vizuri."

Akalitoa bega lake taratibu chini ya mkono wangu, akaanza kukunja kitenge chake cha kupigia picha. Mimi nikaenda kwenye kompyuta kukata kichwa changu.

Ndiyo, kichwa changu. Msishangae, ndiyo kazi yenyewe. Hapa Bwera kila nyumba ina mtu wake aliye mbali: Arabuni, Kampala, Beni, kaburini. Watu wanakuja na kijipicha cha huyo mtu, mara nyingi cha pasipoti, wanasema, "Kambale, tuunganishe." Sasa pasipoti ina mwili? Haina. Kwa hiyo nasimama mimi, kamera inajipiga yenyewe, kisha nakata kichwa changu na kubandika cha mwenye picha. Mwili huu umeshakuwa baba wa ubatizo, kaka wa bibi harusi, na mara moja umekuwa marehemu.

Kamera ni ile ndogo kabisa ya wanaoanza, niliinunua kwa kahawa ya misimu miwili, na lenzi ni ileile iliyokuja nayo kwenye boksi. Wenye makamera makubwa wa Kasese mjini wananicheka. Wacheke! Pasipoti za wavuka mpaka, ubatizo wa Jumapili na kuunganisha watu ndivyo vinavyonilisha. Ila nikisema ukweli wa Mungu, kati ya picha maelfu zilizomo kwenye kompyuta ile, hakuna hata moja niliyotoka mimi mzima.

Mume wa Phionah aliitwa Samsoni. Alipeleka mbuzi kumi na wawili kwa kina Phionah, Munkunyu, ndoa ya kanisani ikaambiwa isubiri, naye akaenda Arabuni kulinda maduka. Huu mwaka wa tatu. Phionah alibaki akilima vitunguu kwenye shamba la kukodi kule Mubuku, na kila Ijumaa analeta magunia soko la huku kwetu. Baba yake, mzee Yowasi, ni mgonjwa wa moyo, na alikuwa haachi kuuliza mkwe wake anarudi lini. Phionah akamdanganya kwamba Samsoni huja likizo fupifupi, ila hapati nafasi ya kufika Munkunyu. Mzee akasema, basi nionyeshe picha. Ndipo aliponijia mimi. Hii ilikuwa picha ya nne.

"Samsoni anasemaje siku hizi?" nikamuuliza, huku nikipunguza kidevu cha mwenzangu kitoshe kwenye shingo yangu.

"Iko sawa. Anasalimia."

"Desemba anarudi?"

"Anasema Desemba." Hakuniangalia. "Na weye Kambale, huna mutu?"

"Mutu wa nini?"

"Wa kupiga naye picha. Ya kweli."

"Miye niko na kamera. Inatosha."

Akacheka, lakini si kile kicheko cha kwenye picha.

"Umekula leo?"

"Nitakula."

"Kila Ijumaa utakula, utakula. Haya, wasingya," akanishukuru kwa Kikonzo chetu, akatoka na kitenge chake kwapani.

Nilikaa palepale hadi Badiru, jirani yangu mwenye duka la spea za pikipiki, alipoingia bila hodi kama kawaida yake.

"Ameenda?"

"Nani?"

"Wallahi wewe! Ijumaa unavaa shati la pasi, Jumamosi hadi Alhamisi fulana moja. Halafu unaniuliza nani?"

"Ni mke wa mtu, Badiru."

"Hilo nalijua. Nauliza kama wewe unalijua."

Nilijua. Tena nilijua sana. Kutwa nzima watu wananikodolea macho, lakini wanaikodolea lenzi. Phionah peke yake ndiye aliyekuwa akiniuliza kama nimekula. Na kila akishaniuliza, chumba changu cha nyuma ya studio kinakuwa kikubwa mno kwa mtu mmoja. Nasonga ugali wa mtu mmoja, naula nimesimama, naosha sahani moja. Nilikuwa nimechoka, jamani. Nikachukua simu nikaandika:

"Phionah, picha itakuwa tayari Jumatatu, naenda kuisafisha Kasese. Nitakuachia kwenye lile duka la mbolea pale njiani Mubuku. Ila baada ya hii sitaweza tena. Tafuta mpiga picha mwingine. Nisamehe."

Akasoma papo hapo. Akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Nimekukosea?"

"Hapana."

"Basi kwa nini?"

Ningejibu nini? Kwamba mkono wangu umezoea bega lisilo langu?

Jumatatu nikaisafisha ile picha, nikaiacha dukani, nikarudi Bwera bila kuonana naye. Ijumaa hakuja. Ijumaa ya pili hakuja. Nilivaa shati la pasi Ijumaa zote mbili, mpumbavu mimi, nikakaa mlangoni nikiangalia magunia ya vitunguu ya watu wengine yakipita. Mwenyewe ndiye niliyemfukuza, na bado niliumia kana kwamba yeye ndiye aliyenitenda.

Alhamisi iliyofuata simu ikalia. Namba siijui.

"Haloo. Ni ule mutu wa picha?"

"Ndiyo. Naongea na nani?"

"Yowasi wa Munkunyu. Baba ya Phionah. Kesho uje kwangu. Ulete kamera."

"Muzee, kesho iko siku ya soko..."

"Na hiyo mikono yako, uilete yote mbili."

Akakata.

Nikautazama mkono wangu wa kushoto. Kidole cha pete ni nusu. Nusu nyingine ilibaki kwenye mashine ya kukobolea kahawa miaka mingi iliyopita. Nimekizoea hata sikitazami tena. Katika picha zote nne nilibadilisha kichwa, mkono nikauacha begani vilevile, maana nani huangalia mkono? Watu huangalia uso.

"Unakwenda kupigwa," Badiru akasema asubuhi yake, akiwasha pikipiki. "Panda. Hii siwezi kuikosa."

Tulimkuta mzee ameketi kwenye benchi nje ya nyumba, mbele yake kahawa imeanikwa kwenye turubai. Pembeni yake kwenye benchi alikuwa amezipanga picha zote nne. Phionah alisimama mlangoni, macho mekundu. Hakunisalimu.

"Wabukire, tata," nikamwamkia kwa Kikonzo.

"Kaa. Leta mukono. Si huo, wa kushoto."

Akakishika kidole changu kifupi, akakigeuzageuza.

"Phionah. Samsoni yako, siku ya kuleta mbuzi, alishika kamba na vidole ngapi?"

"Baba..."

"Ngapi?"

"Kumi."

"Kumi. Na huyu wa kwa picha anakuja likizo na vidole tisa na nusu. Arabuni banakulaka vidole?"

Badiru, kule kwenye pikipiki, akakohoa ili asicheke.

"Baba, nisamehe," Phionah akasema, akipiga magoti. "Ni miye nilimuomba. Kambale hana kosa. Samsoni hajakuja likizo hata mara moja. Samsoni ameoa kulekule. Mwaka inapita sasa. Aliniandikia mistari mbili tu, halafu akabadilisha namba."

Nikasimama bila kujua kwamba nimesimama.

"Mwaka mzima? Phionah! Si ulikuwa unaniambia anasalimia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nimeachwa?"

"Ndiyo!"

"Ungesema basi hakuna haja ya picha."

"Picha si zilikuwa za baba yako?"

Akainama, akaokota punje ya kahawa iliyodondoka, akairudisha kwenye turubai.

"Ya kwanza na ya pili ilikuwa ya baba," akasema polepole. "Ya tatu na ya nne, nilitaka tu Ijumaa ifike."

Nikamgeukia mzee kwa hofu, nikidhani moyo wake utasimama pale pale. Yeye alikuwa anakuna goti.

"Munaniangalia nini? Sifi. Hiyo habari najua hata kabla ya picha ya kwanza. Ndugu za Samsoni balikuja hapa na aibu yao, nikabarudishia mbuzi yao yote."

"Baba! Si uliniambia umeuza mbuzi ununue dawa?"

"Na weye si uliniambia mukwe iko likizo? Nikasema, wacha nimuombe picha. Atashindwa, ataleta ukweli. Kumbe mutoto akaleta picha!"

Badiru akashindwa kuvumilia, akacheka wazi. Mzee hakumjali. Akaokota picha moja baada ya nyingine.

"Hii ya kwanza, mukono haugusi. Unaogopa. Ya pili, unagusa nguo tu. Ya tatu, umetulia. Na hii ya nne, Phionah, angalia mwenyewe: umelaza shavu juu yake." Sauti yake ikashuka. "Miye sikusomaka. Lakini nimekaa na mama yako miaka arobaini, Mungu amuweke, na mukono ya kupenda naijua. Nyumba hii iko kimya tangu alipokwenda. Nilikuwa nangoja hizi picha zenu kama mutu anangoja wageni. Nikaogopa: nikisema najua, picha itaisha, na huyu mwenye mukono atapotea. Akapotea hata bila miye kusema. Binti yangu anafika hapa wiki mbili, hali, hasemi, anaangalia picha tu. Ndiyo nikasoma namba kwa muhuri ya studio, nyuma ya picha."

Hapo Phionah akaanza kulia kweli, kile kilio cha mtu aliyekizuia mwaka mzima. Mzee akamwacha alie, halafu akanigeukia.

"Na weye, mutu wa vidole tisa na nusu. Mudomo uko nao?"

Nilijua nikinyamaza leo, nitakula ugali nimesimama maisha yangu yote.

"Phionah, nilikufukuza kwa sababu nilishindwa kuendelea kukata kichwa changu. Nilidhani wewe ni mke wa mtu, na kila Ijumaa nilikuwa mwizi wa sekunde kumi. Nakupenda. Ukinikataa nitaelewa, lakini nimesema."

Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Ulinikasirisha sana, Kambale. Eti tafuta mpiga picha mwingine. Nikaenda kweli, Kasese mjini, kwa mwenye kamera kubwa."

"Akakupiga?"

"Alisema siku hizi hakuna haja ya mutu kusimama. Nikae peke yangu kwa kiti, huyo mwingine atawekwa na kompyuta."

"Halafu?"

"Nikakaa. Akasema cheka. Nikaangalia pembeni, hakuna mutu. Nikachukua kitenge yangu nikatoka."

Akainuka, akaja akasimama kulia kwa mlango, palipo na mwanga, kama alivyozoea kusimama studio.

"Njoo uweke mukono."

Nikaenda. Badiru akanyoosha mkono kupokea kamera, mzee akamzuia.

"Hapana. Hii kamera imenidanganya mara nne. Leo nashika miye."

Nikamtegea kila kitu, nikamwonyesha kidude cha kubonyeza. Akaishika kwa mikono miwili, akafumba jicho, akakosea, akafumba lingine.

"Sogeeni. Hapo. Musipumue."

Nikauweka mkono begani. Safari hii Phionah akapandisha mkono wake akaufunika wangu, kidole kifupi na vyote. Kamera ikalia.

"Imetoka?" mzee akauliza.

Tukaitazama. Mzee alikuwa ametukata vichwa, vyote viwili. Tulianzia shingoni. Katikati kabisa ya picha palikuwa na bega, na juu ya bega mikono miwili.

"Imetoka, tata, ila vichwa..."

"Nini? Nirudie?"

"Hapana, baba," Phionah akasema, akicheka na machozi bado yanamtoka. "Usirudie. Hiyo ndiyo yenyewe."

Desemba, ule mwezi ambao ilisemwa Samsoni atarudi, nilipeleka mbuzi Munkunyu. Mzee Yowasi alivipitia vidole vyangu kimoja kimoja mbele ya wazee, mbuzi hakuhangaika kuwahesabu.

Ile picha nimeitundika studio, ukutani mkabala na mlango. Wateja wakiingia wanaiuliza, ni mpiga picha gani mbovu huyu, anakata watu vichwa? Phionah, akiwa ananipakulia, hunisubiri nijibu mwenyewe. Nawaambia mpiga picha ni baba mkwe, na hiyo ndiyo picha yangu ya kwanza niliyotoka mimi mzima.