Uzi Ubavuni mwa Boriti

"Watu wako wanakuja kwetu kubisha hodi lini?" nilimuuliza Boadu.

"Leo pilipili yako imekolea, Dufie. Umetia samaki gani?"

Nikamtajia samaki. Ndivyo nilivyo, ni rahisi kunigeuzia mazungumzo. Nilikuwa nauza waakye, wali wangu wa kunde, pale mjini Techiman, kwenye nyumba ya watu ambayo Boadu alikuwa fundi wake. Mimba yake ilikuwa na miezi minne tumboni mwangu. Baba alishasema: Jumapili ikipita bila ukoo wa kijana kuleta chupa za pombe za kubisha hodi, yaani kuja kuniposa, nihame kwake.

"Boadu, nimekuuliza."

"Njoo nikuonyeshe kitu."

Akakaza uzi ubavuni mwa boriti ya zege, toka pembe hii hadi ile. Katikati, tumbo la boriti lilikuwa limeshuka chini ya uzi kwa upana wa kidole.

"Kila boriti hupinda kidogo," akasema. "Vidole viwili ndiyo balaa."

"Na mianzi iliyokuwa inaishikilia? Ulisema ikae mwezi. Hata wiki mbili bado."

"Umekuwa fundi mkuu? Hebu niongeze yai."

Nikamwongeza.

Jumamosi hakuja kazini. Nilimkuta Mzee Gyamfi, msimamizi, amesimama chini ya boriti. Ilikuwa imeshuka vidole vitatu, na ufa umeipasua. Alikuwa akimpigia Boadu; masikio yake mazito, kwa hiyo simu yake huiweka sauti ya wazi.

"Boadu, mianzi yangu iko wapi?"

"Mzee wangu, mguu unaendeleaje?"

"Achana na mguu wangu. Mianzi iko wapi?"

Kabla Boadu hajajibu, sauti ya mwanamke ikasikika simuni, karibu naye:

"Baba Nkansah, mwambie mzee ukweli. Imeshikilia dari ya chumba cha watoto wetu. Zege likikauka tutairudisha."

Simu ikakatwa.

Mzee Gyamfi akanitazama, kisha akatazama tumbo langu. Akageuza uso.

Nikamwandikia Boadu: "Kesho ni Jumapili."

Akajibu: "Waakye ya leo imekwisha yote?"

Mafundi wakaleta mianzi mingine.

"Tukiitegemeza itanyooka, mzee?" nikauliza.

"Hainyooki tena, binti. Itazuiwa isishuke zaidi, basi. Halafu tutaivunja."

Nikafunika sufuria, nikarudi nyumbani kukunja nguo zangu. Baba alikuwa mlangoni. Akasogea kunipisha.