Palizi ya Ihumwa

Jumatano ile jua lilikuwa limeshalegea Elieth alipotoka ofisini Mtumba kwenda Ihumwa kulichukua gari kwa fundi. Kazi hiyo ilikuwa ya mumewe, Gaudence, lakini shuleni alikokuwa akifundisha walikuwa na kikao cha wazazi, na Elieth ndiye aliyekuwa jirani na gereji. Alikubali bila kubisha. Siku hizo alikuwa akikubali kila kitu bila kubisha, maana hata kubisha kunataka nguvu.

Alikuwa amechoka. Usiku alikuwa akilala saa tatu, analala fofofo, hana hata ndoto, na saa kumi na mbili asubuhi anaamka kiuno kimekatika na mabega yanawaka moto kama ya mtu aliyepakua lori la saruji. Ilianza mwezi wa kumi na mbili, na mvua za kwanza. Hospitalini walimpima damu, sukari, malaria, kifua. Wakamwambia hana kitu, apumzike. Kazini kwake masijala alikuwa akisinzia juu ya mafaili, na aliyemfichia aibu hiyo ni mwenzake wa meza moja, Evarista. Evarista alipokea barua zilizokuwa zamu ya Elieth. Mkuu akiingia, Evarista alikohoa kwa nguvu ili mwenzake aamke.

Tena ni Evarista huyo huyo aliyetoa wazo la Iringa. Yeye ni Mhehe, kazaliwa huko.

“Dada, wewe huumwi,” alimwambia. “Umechoshwa na Dodoma. Nendeni Iringa siku tatu ukapigwe na baridi.”

Akamwandikia safari nzima kwenye karatasi. Ijumaa watoke alfajiri na gari, wapite Mtera, wale samaki pale bwawani. Jioni wapande jiwe la Gangilonga wauone mji wote chini yao. Jumamosi boma la Mjerumani, ambalo sasa ni makumbusho, kisha Kalenga. Jumapili asubuhi Isimila kwenye zile nguzo za mchanga, kabla jua halijawa kali, halafu warudi. Hata nyumba ya wageni aliipigia simu yeye. Gaudence alipoisoma karatasi alicheka, akasema huyu binti amekosea wizara. Kesho yake akalipeleka gari gereji. Binti yao Penina alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo wangekwenda wawili tu, na tangu waoane walikuwa hawajawahi kusafiri pamoja isipokuwa kwenye misiba.

Fundi Zablon alimkabidhi Elieth ufunguo. Alisema amefunga bushi mpya na pedi mpya za breki, Mtera watafika wanasinzia. Ila barabara ya kutokea lami imezibwa na lori lililokwama karibu na reli, kwa hiyo apite nyuma, njia ya vumbi ya mashambani. Alipotaka kumwelekeza pa kukata kona, Elieth alimwambia asihangaike. Anaijua.

Akaondoka.

Alikuwa ameshakata kona ya pili ndipo swali likamjia. Anaijuaje?

Hakuwahi kupita njia ile maisha yake yote. Lakini mikono ilikuwa ikiuzungusha usukani yenyewe. Kushoto kwenye kichuguu. Kulia kwenye mnyaa uliokauka. Kisha, mbele ya shamba moja la uwele, mguu ukakanyaga breki.

Akazima gari.

Kimya…

Halafu akasikia.

Tu… tu… tu…

Ilikuwa sauti ya majembe yakiingia ardhini, mengi, yote kwa pamoja. Alishusha kioo. Mvua ilikuwa haijanyesha siku tisa, lakini harufu iliyoingia ndani ya gari ilikuwa ya udongo mbichi, udongo uliopinduliwa sasa hivi. Alitazama shambani. Nusu ya shamba ilikuwa imepaliliwa safi, nusu nyingine majani yalikuwa yameufunika uwele. Katikati, kwenye mpaka wa nusu hizo mbili, majembe saba yalikuwa yamesimama kwa mstari, mipini juu.

Hapakuwa na mtu hata mmoja.

Tu… tu… tu…

Kisha ikanyamaza.

“Mbukwa,” sauti ilisema.

Mama mmoja mtu mzima alikuwa amesimama kando ya shamba, amejifunga kaniki, mikono ameikunja kifuani. Elieth hakumwona alikotokea. Yeye mwenyewe Mgogo wa Mpwapwa, akaijibu ile salamu kwa mazoea, akaongeza na shikamoo.

“Marahaba,” alisema yule mama. “Leo umewahi.”

Elieth hakuelewa.

“Tena umekuja na macho. Wenzako bado hawajafika.”

Hapo ndipo bibi yake wa Mpwapwa alipomjia kichwani. Bibi alikuwa akiwaambia wajukuu kwamba wako watu wanaolima ekari nyingi bila kutoka jasho. Wanaazima watu waliolala. Mwenyewe anadhani yuko kitandani, kumbe kashikishwa jembe, na asubuhi anarudishiwa mwili wake umeshatumika. Elieth utotoni alidhani ni maneno ya kuwafanya wasali kabla ya kulala. Alikuwa amesali, akakua, akasoma, akaajiriwa serikalini, akayasahau.

Hakukumbuka kufungua mlango wa gari. Alijikuta yuko katikati ya uwele, viatu vya ofisini vimejaa udongo, mbele ya lile jembe la tatu kutoka mwisho. Hakuna aliyemwonyesha kuwa ni lile. Aliushika mpini. Ulikuwa umelika mahali pa vidole, na vidole vyake vikaingia mle mlemle, kimoja kimoja, kama mtu anayevaa glavu yake.

Akainama.

Alipiga jembe mara tatu ndipo akajizuia.

“Nataka kupumzika,” alisema. Sauti ilitoka ndogo, hata yeye hakuitambua.

“Najua,” alijibu yule mama. “Ijumaa. Iringa.”

Hakuwa na hasira. Alionekana naye amechoka, amechoka kuliko Elieth, mtu ambaye ameisimamia kazi hiyo miaka mingi na haoni mwisho wake. Alisogea karibu. Alinuka moshi na udongo.

“Mtu akivuka Mtera mimi simpati,” alinong'ona. “Sikuzuii. Lakini palizi haingoji, mwanangu. Nitajie wa kushika hili jembe.”

“Nimtaje nani?”

“Yeyote mwenye nguvu. Jina tu.”

Baadaye Elieth alijiuliza sana kwa nini hakukimbia. Gari lilikuwa hatua ishirini. Angeweza kukemea, angeweza kusali, maana Jumapili alikuwa akiimba kwaya. Lakini saa ile hakuwaza kanisa wala gari. Aliwaza kiuno chake tu. Aliwaza kulala usiku mmoja, mmoja tu, na kuamka akiwa mtu. Na kutwa nzima jina moja lilikuwa mdomoni mwake kwa ajili ya ile safari. Evarista kasema tupite huku, Evarista kasema tulale pale.

“Evarista,” alisema.

Yule mama hakutosheka. “Maevarista ni wengi. Wa nani?”

Elieth alikuwa mtu wa masijala, na mtu wa masijala hasahau jina la faili. Akayataja yote matatu.

“Evarista Batholomeo Kihwele.”

Yule mama aliitikia kwa kichwa polepole, kama anayeliweka jina mahali. Kisha akauchukua mpini kutoka mikononi mwa Elieth, taratibu, akalisimamisha jembe pale lilipokuwa.

“Haya. Nenda kalale.”

Usiku huo Elieth alilala saa tatu kama kawaida. Asubuhi alifumbua macho, akakaa kitandani muda mrefu bila kujua kuna nini. Ndipo akagundua. Hakuumwa popote.

Hakumwambia Gaudence chochote. Alhamisi Evarista alifika kazini amechelewa, anacheka, anasema usingizi ulimzidi, kwa mara ya kwanza mwaka mzima. Elieth naye akacheka. Alijiambia kuwa kila mtu huchelewa siku moja moja.

Na Iringa walikwenda. Mtera walikula samaki, Gaudence akakwamwa na mwiba kooni mpaka akamezeshwa ugali mkavu. Jioni walipanda Gangilonga, Elieth akiwa mbele, na mumewe nyuma akimwomba amngoje. Huko juu upepo ulikuwa baridi, taa za mji zinaanza kuwaka moja moja. Elieth alikuwa akicheka. Gaudence alimtazama, akamwambia taratibu:

“Mama Penina, nilikuwa nimekusahau.”

Elieth alimtumia Evarista picha ya pale juu. Jibu lilikuja kesho yake jioni, wakiwa wanatoka Kalenga. Pazuri dada, aliandika. Mimi nimelala tu tangu jana, sijui nina nini. Elieth aliisoma mara mbili, akairudisha simu kwenye mkoba. Jumapili Isimila Gaudence alimpiga picha nyingi katikati ya zile nguzo, na katika zote alikuwa amenawiri. Njiani walipolikaribia daraja la Mtera alishika mkanda wa gari kwa mikono miwili. Walivuka. Usiku alilala. Asubuhi akaamka mzima.

Jumatatu ofisini Evarista alitaka kusimuliwa yote. Elieth alianza na samaki wa Mtera. Alipofika Kalenga, Evarista alikuwa ameweka kichwa juu ya mafaili, mdomo wazi, amelala. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Chini ya macho yake palikuwa na weusi ambao Jumatano haukuwapo.

Jioni Elieth hakwenda nyumbani. Alilipitisha gari Ihumwa.

Shamba lilikuwepo. Sasa lilikuwa limepaliliwa karibu lote, safi kama ua uliofagiliwa, na majembe hayakuonekana. Mzee mmoja alikuwa akirudisha mbuzi, akiwazungusha mbali badala ya kukatiza. Elieth alimwamkia, akamwuliza shamba lile ni la nani. Mzee alisema hajui. Kila mwaka linapandwa, kila mwaka linavunwa, na waliolikuta hapo wote hawajui. Hata wapima viwanja walipita kando. Alitaka kuongeza kitu, akautazama uso wa Elieth, akawapigia mbuzi wake mluzi, akaenda zake.

Elieth alisimama kwenye ukingo wa uwele. Alikuwa amekuja na neno lake tayari, kalisema njia nzima kwa sauti ndani ya gari ili asilisahau. Mtoe Evarista. Nirudishe mimi.

“Shikamoo, mama,” aliuambia uwele.

Tu… tu… tu…

Ikanyamaza.

“Marahaba.” Sauti ilitoka ndani ya mabua, karibu, karibu sana. “Umerudi?”

Elieth alifumbua mdomo. Aliukumbuka ule upepo wa Gangilonga. Akakikumbuka kiuno, na zile asubuhi za kushika ukuta ili asimame. Kule ndani walikuwa wakisubiri. Alisikia pumzi, si ya mtu mmoja, pumzi za watu wengi waliosimama kidogo kumsikiliza.

“Hapana,” alinong'ona. “Nilikuwa napita tu, mama.”

Ile sauti ya majembe ikaanza tena, polepole, nyuma yake, wakati anatembea kulifuata gari.

Nyumbani Area D alisema kulikuwa na foleni. Gaudence alikuwa amepika ugali na mlenda, na moyo wake ulikuwa bado Iringa. Wakati wanakula alisema Pasaka waende Kondoa wakaone michoro ya mapangoni kule Kolo, waondoke asubuhi, walale huko siku moja. Na safari hii wamchukue Evarista, kwani si yeye aliyewapangia ile ya kwanza?

Elieth alikata tonge, akalichovya.

“Hatapata nafasi,” alisema.

“Kwa nini?”

“Ana kazi mpaka mavuno.”

Gaudence alicheka, akamwuliza tangu lini masijala kuna mavuno. Elieth hakucheka. Alimaliza chakula chake chote, akanawa, akatoa vyombo. Ilikuwa saa tatu kasoro. Akaenda kulala.