Malipo Yasiyo na Mwenyewe

Kila asubuhi ya likizo, akishafagia na kunywa chai, binti wa fundi nguo aliingia chumba cha nyuma cha duka la mama yake, akasogeza marundo ya vitambaa na kufungua kompyuta. Humo, kwenye jedwali moja, ndimo zilimokuwa oda zote za sare za shule: jina la mteja, vipimo vya mtoto, namba ya simu. Mwanzoni mwa likizo binti aliliunganisha jedwali hilo na huduma ya malipo ya mtandaoni. Mteja akilipa, mstari wake hugeuka kijani wenyewe, na risiti humfikia papo hapo. Ijumaa ikifika mstari haujawa kijani, ujumbe huondoka bila mtu kugusa kitu: "Hujalipa. Oda yako imefutwa."

Mama aliwatangazia majirani wote, na tangu hapo binti akaitwa Injinia. Kichwa kilimvimba kidogo. Tuseme kweli, si kidogo.

Ijumaa moja, kabla ya saa sita, makelele yakamtoa chumba cha nyuma. Muuguzi wa zahanati, akiwa bado na sare ya kazi, alikuwa akiigonga meza kwa kiganja.

"Mimi ni wa kuletewa ujumbe kama huu? Nimelipa tangu juzi! Nimeusoma mbele ya wagonjwa!"

"Risiti yako iko wapi, dada?" mama aliuliza, naye sauti imeshapanda.

"Nililipa kwa simu ya kaka yangu. Yangu ilikuwa imezima chaji. Kaka yuko safarini, hapatikani. Sasa nikudanganye ili iweje?"

Alikuwa mteja wa tatu kulalamika siku hiyo. Mama akamgeukia Mama Pacha, fundi aliyeshona naye tangu Injinia hajazaliwa.

"Wewe ndiye unayewapima. Wewe ndiye unayewatajia namba ya kulipia. Umewapa namba ya nani?"

Cherehani ikanyamaza. "Unaniuliza nini, mwenzangu?"

"Nauliza pesa zimekwenda wapi! Kama si kwangu, ni kwa nani? Kusanya vitu vyako uende. Na mafundi wote wa mtaa huu nitawaambia."

Watu walikuwa wameshajaa mlangoni. Mama Pacha alianza kukusanya mkasi na nyuzi zake. Duka gani lingempokea baada ya hapo, na pacha wake wangekula nini?

Injinia alisimama akitazama. Yeye alijua. Malipo yakija kwa namba isiyo kwenye jedwali, kompyuta huyatupa kwenye ukurasa aliouita Mengineyo, na hulia kumjulisha. Juzi ililia mfululizo wakati anatazama filamu. Aliona malipo yasiyo na mwenyewe, akakereka, akaizima sauti. Alipoujaribu mpango wake alitumia simu ya mama peke yake. Hakukumbuka kwamba watu hapa hulipa kwa simu ya dada, ya jirani, ya muuza duka, na hata mama yake hufanya hivyo kila simu yake inapozima. Kwanza alimkasirikia muuguzi. Kwa nini asilipe kwa simu yake mwenyewe? Kisha hasira ikamgeukia yeye mwenyewe. Akisema, uinjinia umekwisha.

"Mwanangu," Mama Pacha alimwambia, "hebu niangalizie tena kwenye hiyo mashine yako."

"Nimeangalia," Injinia alijibu bila kumtazama. "Hakuna kitu."

Mama Pacha akatikisa kichwa, akauweka mkoba begani. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti Injinia alipopiga kelele: "Yapo! Yapo yote! Usiende!"

Akaileta kompyuta, akafungua Mengineyo. Malipo ya muuguzi yalikuwepo, kwa jina la kaka yake, na ya wale wengine pia.

"Ulijua?" mama aliuliza.

"Tangu juzi, mama."

Mama alifoka mpaka sauti ikamkauka. Kisha akamgeukia mwenzake, uso umemshuka. "Nisamehe. Nilikuhukumu kabla ya kuuliza vizuri."

"Sijapoa," Mama Pacha alijibu. "Nikipoa nitakwambia." Akaketi, mkoba mapajani, akagoma kushona.

Injinia akafanya kazi mchana kutwa. Kila oda akaipa namba yake, ambayo mlipaji ataiandika hata akitumia simu ya mtu mwingine. Malipo yasiyo na mwenyewe sasa yatalia kwenye simu ya mama, na hakuna ujumbe wa kufuta oda utakaoondoka kabla mama hajausoma. Aliwapigia wateja wote watatu akawaomba radhi. Mmoja alimkatia simu. Muuguzi alimsema sana, kisha akauliza sare ya mwanawe itakuwa tayari lini.

"Nimemaliza," Injinia alisema jioni. "Kila kitu kiko sawa."

"Bado," alisema Mama Pacha. "Sikiliza. Kukosea si ajabu. Hata mimi hukosea kushona, nikafumua nikashona upya. Kosa likisemwa mapema, dawa yake ni ndogo. Wewe uliliona ukalifunika, ukaniangalia naondoka. Mashine haikunisingizia mimi. Mmenisingizia ninyi wawili, mbele ya watu."

Mama aliinamisha kichwa. "Anasema kweli," alimwambia binti yake. "Na aliyechafuliwa mbele ya watu husafishwa mbele ya watu. Twende, naanza mimi."

Wakatoka wote watatu. Wenye maduka walikuwa wakifunga, na wale wa asubuhi walikuwa bado wanaongea. Mama aliomba radhi kwa sauti ya kusikika. Kisha ikawa zamu ya Injinia. Akapiga hatua moja mbele.

"Mama Pacha hakuchukua kitu cha mtu," alisema. "Mimi nilijua, nikadanganya."