Mafuta ya Monseigneur

Tangazo kwa watu wote wa Butembo, wa Beni, na wa vijiji vya katikati! Hadithi hii imeandikwa na mjuzi mkubwa wa injini. Kila neno limepimwa. Kila sentensi imechujwa. Msomaji akae wima, afunge mdomo, ajifunze.

Mjuzi mwenyewe hana gari. Tuendelee.

Mwaka 2001, vita ikiwa bado haijachoka, Papa Stanislas wa mtaa wa Vulamba, Butembo, alikuwa na kamioneti kuukuu ya mazutu, yaani dizeli. Alibeba viazi na kabichi kutoka Alimbongo, akaziuza sokoni Butembo. Kamioneti ile aliiita Monseigneur, jina la heshima la askofu, kwa sababu ikipita, kila mtu anasogea kando. Mke wake, Mama Katungu, alisema watu wanasogea kwa sababu ya breki.

Betri ya Monseigneur ilikuwa dhaifu, hasa asubuhi injini ikiwa baridi. Lakini Mungu aliwapa watu wa Butembo vilima. Kila jioni Stanislas aliegesha gari mtelemkoni, pua ikitazama bondeni. Asubuhi anaondoa jiwe kwenye gurudumu, Monseigneur anatelemka, injini inawaka. Nusu ya magari ya mtaa yalilala hivyo, pua chini, kama mbuzi wanaokunywa maji.

Kabla ya kuondoa jiwe, kulikuwa na ibada. Stanislas alivaa kofia yake. Alifungua boneti. Alichomoa jauge, ule ujiti mwembamba wa chuma unaopima mafuta ya injini. Aliuinua juu kwa mikono miwili, kama padri mbele ya altare.

"Imejaa!" alitangaza.

"Amina," alijibu Katungu kutoka jikoni, bila kugeuka.

Siku moja ya Jumanne, mtu wa misheni alikuja mbio. Alileta habari iliyosikika kwenye fonie, ile redio ya kuongea na watu wa mbali. Binti yao Gracieuse, aliyeolewa Mangina, alikaribia kuzaa mtoto wake wa kwanza. Muuguzi alimpapasa tumbo. Mtoto amelala kukingama, kama kuni mlangoni. Lazima mama azalie hospitali ya Beni, kwa daktari wa kupasua. Magari ya Mangina yalikuwa yamefichwa au yamechukuliwa na watu wenye bunduki. Mkwe wao aliomba: Papa aje na Monseigneur.

Katungu aliketi juu ya gunia. Alimtazama mumewe.

"Papa Gracieuse, ile gari itafika?"

"Mama Gracieuse! Mafuta imejaa. Umeona kwa macho yako."

"Nimesikia kwa masikio. Kuona, hapana."

Walipanga kuondoka alfajiri ya kesho yake. Mchana huo walishuka mjini kununua kibidoni, dumu dogo la mafuta ya injini ya akiba. Stanislas alikuwa na duka lake la kawaida, lakini siku hiyo lilikuwa limefungwa. Ndiyo maana walisimama kwa Mama Berthe.

Mama Berthe alikuwa mjane wa dereva wa malori. Yeye na marehemu walisukuma lori kwenye matope yote ya njia ya Kisangani, na hakuacha mtu yeyote asahau. Aliuza mafuta ya injini akiwa amevaa kitenge cha Jumapili siku zote. Vijana wawili walifungua na kufunga vyuma. Yeye alitoa amri.

Monseigneur aliingia uwanjani kwake akigonga: ko-ko-ko-ko.

"Zima!" alipaza sauti Mama Berthe. "Zima hiyo moteur! Papa, ni gari ao ni kinu cha kutwanga sombe?"

"Iko inakohoa kidogo tu," alisema Stanislas. "Ni vumbi."

"Vumbi ya nani? Mafuta umepima?"

"Kila asubuhi! Imejaa!"

"Donc, tutapima tena. Mimi niko Tomaso. Mpaka nione."

Uwanja wa Mama Berthe ulikuwa tambarare kama meza. Alingoja kwanza. "Moteur ikizimwa, mafuta iko bado juu, inatelemka polepole. Uiache irudi nyumbani." Aliongea habari za bei ya sabuni na Katungu, kisha akachomoa jauge. Hakuitazama. Aliipangusa kwa kitambaa safi, akairudisha mpaka mwisho, akaichomoa tena.

Kwenye jauge kulikuwa na alama mbili: ya juu na ya chini. Mafuta yanatakiwa kufika kati ya hizo mbili. Jauge ya Monseigneur ilikuwa kavu. Tone moja tu, jeusi, lilining'inia kwenye ncha, chini kabisa ya alama ya chini.

Stanislas alivua kofia.

"Mama Berthe, nakuapia. Asubuhi ilikuwa imejaa. Huu ni uchawi."

"Unalaza gari wapi?"

"Nyumbani. Kwa mtelemko. Betri..."

"Pua chini?"

"Pua chini."

Mama Berthe aliagiza chai. Ilipoletwa, aliinamisha kikombe bila kumwaga. Chai ilikimbilia upande mmoja, ikafika mdomoni mwa kikombe. Upande wa pili, chini palionekana wazi.

"Jauge ya gari yako iko upande wa mbele," alisema. "Gari ikiinama mbele, mafuta yote inakimbilia pale. Unachomoa, unaona imejaa. Kumbe ni kama kuhesabu waumini kwa mulango wa kanisa wakati wa kutoka."

Katungu aliangua kicheko, kisha akakumbuka Gracieuse, akanyamaza.

"Mais kuna taa," alisema Mama Berthe. "Moteur ikikosa mafuta, taa nyekundu inawaka mbele ya dereva. Taa yako haiwake?"

Stanislas alitazama viatu vyake. Mama Berthe aliingiza kichwa ndani ya gari. Mbele ya usukani, mahali pa taa, kulikuwa kumebandikwa picha ndogo ya Bikira Maria.

"Papa Stanislas. Hii picha ni ya nini?"

"Ya... ulinzi."

"Ukweli."

"Taa ilikuwa inanichoma macho," alisema Stanislas kwa sauti ndogo.

"Yesu wangu! Mama wa Mungu umemugeuza pazia!" Mama Berthe aliibandua picha kwa ukucha, taratibu, kwa heshima. Akaibandika juu, kwenye kioo. "Pale ataona njia. Na hii taa iachwe iseme. Ikiwaka wakati unatembea, simama palepale, zima. Hapana kungoja kufika."

Kisha akaleta vipande viwili vya kioo vilivyovunjika kutoka dirisha la zamani. Alivisugua kimoja juu ya kingine. Vililia, vikakwaruzana. Akaweka tone moja la mafuta katikati.

"Sukuma, Papa. Kamua kwa nguvu yote."

Stanislas alikandamiza. Kioo kiliteleza juu ya kioo bila sauti yoyote, kama samaki majini. Alikandamiza tena kwa viganja vyote viwili. Hakuweza kuvifanya vigusane.

"Yale mafuta katikati," alisema Mama Berthe, na kwa mara ya kwanza hakupiga kelele, "ni membamba kuliko karatasi ya Biblia. Ndiyo ukuta. Ndani ya moteur, chuma inazunguka haraka kuliko jicho. Lakini chuma haigusi chuma. Hiyo ngozi nyembamba inabeba gari, inabeba viazi, inabeba watu. Ikitoka, moteur inajikula yenyewe."

Stanislas alitazama boneti ya Monseigneur. Miaka yote hiyo alidhani gari linabebwa na chuma. Kumbe lilibebwa na kitu ambacho mtu hawezi hata kukishika.

"Kesho binti yetu atalala juu ya hiyo ngozi," alisema Katungu.

"Basi tuichague vizuri," alijibu Mama Berthe, na sauti yake ya sokoni ikarudi.

Stanislas alinyoosha mkono kwenye bidon yenye picha ya simba.

"Wee! Unanunua mafuta ao unanunua simba? Hapana kutazama picha. Soma. Gari yako inakunywa esansi ao mazutu?"

"Mazutu."

"Donc tafuta herufi C. Mafuta ya gari ya esansi inaandikwa S. Ikiandikwa zote mbili, inafaa zote mbili. Na hii namba, 15W-40, ni uzito wake. Namba ya kwanza ni asubuhi ya baridi, kama kule Alimbongo: ikiwa ndogo, mafuta inatembea haraka kabla moteur haijapata moto. Ya pili ni wakati wa joto: ikiwa kubwa, mafuta inabakia nzito. Namba ya kufaa gari yako imeandikwa kwa kitabu yake."

"Kitabu kilipotea kwa vita."

"Basi uliza fundi anayejua hiyo aina ya moteur. Mimi najua, nimekwambia. Na angalia kifuniko. Kikiwa kimefunguliwa, acha. Kuna batu wanachuja mafuta ya kumwaga, wanaitia kwa bidon mupya."

Stanislas alikumbuka duka lake la kawaida. Vifuniko vyake vilifunguka kwa kidole kimoja.

Vijana wakafanya vidange, kubadilisha mafuta yote. Walifungua bulungi, skrubu ya chini ya injini, mafuta ya zamani yakashuka kwenye beseni, meusi na mazito. Mama Berthe alichukua kidogo kati ya vidole, akakigeuza juani.

"Nyeusi si dhambi. Mazutu inachafua mafuta upesi. Ingekuwa nyeupe kama maziwa, maji imeingia. Ingemetameta, ni chuma inayokulika. Sioni. Mungu amekuhurumia, sijui kwa nini."

Kijana mmoja aliinua beseni, akaelekea mtaroni.

"Wapi wewe!" alipiga kelele Mama Berthe. "Chini kule batu wanachota maji! Tia kwa pipa!"

Walibadilisha filtre, lile chujio la mafuta, wakajaza mafuta mapya ya rangi ya asali. Injini ikawaka. Taa nyekundu ikaangaza kidogo, kisha ikazimika yenyewe. Wakazima, wakangoja, wakapima. Mafuta yalifika karibu na alama ya juu, bila kuipita. "Kupita pia ni ubaya," alisema Mama Berthe. "Tumbo likijaa mno, linatapika."

Stanislas alisikiliza injini ikiwashwa tena. Kugonga kulikuwa kumekwisha. Monseigneur alinguruma chini chini, kama kwaya ya wanaume kabla ya wimbo kuanza.

Kulipokucha walikuwa njiani. Walipita Beni, wakaingia njia ya Mangina, miti ikiwa imesimama pande zote mbili. Walimkuta Gracieuse akitembea uani, mkono kiunoni, midomo ikiwa imekauka. Uchungu ulikuwa umeanza. Walimlaza nyuma juu ya magodoro mawili, mama yake akamshika kichwa.

Kabla ya kugeuza, Stanislas alitafuta mahali tambarare, akapima. Hakuna aliyemharakisha, hata Gracieuse.

Kwenye kizuizi cha kwanza, askari aliamuru wazime gari. Alichungulia nyuma. Alizunguka gari, akapiga teke gurudumu, akauliza mafuta ya kula, yaani hongo, iko wapi. Gracieuse alilia kwa nguvu.

"Mwanangu, anazaa," alisema Katungu. "Ukitaka, zalisha wewe. Shusha bunduki, nawa mikono."

Askari alirudi nyuma hatua nzima. "Tika bakende!" aliwaita wenzake kwa Kilingala: waacheni waende.

Stanislas alizungusha ufunguo. Hapakuwa na mtelemko. Injini iliguna mara moja, halafu ikawaka. Bikira Maria alitazama njia. Mahali pa taa palibaki peusi, peusi kabisa, mpaka Beni.

Daktari alipasua kabla ya saa sita. Ni msichana. Stanislas alitaka aitwe Monseigneuse. Katungu alimkumbusha kwamba Banande wana desturi: msichana wa kwanza ni Masika, hakuna mjadala. Akaitwa Masika Berthe.

Muuguzi alimpa babu mjukuu. Stanislas alivua kofia. Alimwinua kwenye mwanga wa dirisha kwa mikono miwili, taratibu sana. Alitaka kusema jambo kubwa.

"Imejaa," alinong'ona.

"Amina," alisema Katungu. Safari hii aligeuka.

Siku hizi Stanislas ana betri nzima. Kila Jumamosi anapeleka Monseigneur uwanja wa parokia, mahali tambarare, anazima, anangoja, anapangusa, anapima. Majirani wanakuja na magari yao, na Monseigneur bado anapanda Alimbongo bila kukohoa.

Hadithi ingeishia hapa, kwa heshima. Lakini mjuzi aliipeleka kwa Mama Katungu aisome kwanza. Aliisoma yote. Akavua miwani.

"Nzuri. Ile pikipiki ya papa yako unayotembeza kila siku, mafuta yake ulipima lini?"

Mjuzi alitazama dari.

"Nimekuuliza, mujuzi."

"Sijapima, Mama," nilisema. "Hata mara moja."

Akanitupia kitambaa safi. Nilitoka nje. Pikipiki ilikuwa pale nilipoiacha, imeegeshwa kwenye mtelemko.