Nilimwonea Wivu Marehemu, Nikamlemaza Mume Wangu

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na saba, mkulima wa kijiji cha ujamaa huku Bweni, Mafia. Haya ninayowaeleza nimeyatenda kwa mikono yangu mwenyewe.

Mume wangu, Shaweji, alitokea Kilwa, akaja huku dago, kwenye kambi ya wavuvi. Tulioana kwa mapenzi. Lakini mkono wake wa kulia, pale kwenye kiwiko, ulikuwa na jina alilochanjwa ujanani: ZAINA.

Hakunificha. Zaina alikuwa mkewe wa kwanza, alifariki akijifungua. Utashindanaje na marehemu? Mimi nilishindana! Akila, naliona jina. Akinikumbatia, naliona jina... Nikawa namvalisha shati la mikono mirefu hata jua likiwaka.

Siku moja, tukipalilia shamba la pamoja, shoga yangu Mwanahawa akanidokezea kwamba mafuta ya maganda ya korosho hula ngozi, basi na jina yatalila. Nilipomwambia Shaweji, alinitazama sana, kisha akasema, "Kama hilo ndilo litakalokupa raha, mke wangu, lifute."

Nikayapaka... Alipiga ukelele mmoja tu, halafu akauma kanga yangu.

Mkono ukavimba, ukatoka malengelenge, ukatunga usaha. Niliona haya kumpeleka zahanati, nikawa nabandika majani. Siku ya sita homa ikamzidi, nikampeleka. Mganga alipomuuliza, Shaweji akajibu, "Nimeungua na chai, Bwana Mganga."

Ananisitiri mimi! Nami nikanyamaza... Mke gani mimi?

Hali ilipozidi, nilimrudia mganga nikasema kweli, huku nalia. "Mngekuja siku ile ile, mkasema ukweli," aliniambia, "tungeuosha mkono mapema. Sasa kidonda kimekwenda ndani."

Alipona, lakini kovu limeukunja mkono, haunyooki. Kuvuta nyavu hawezi tena. Wenzake wakienda kuvua, yeye yuko uani anaanika mbata za nazi.

Na lile jina? Limefutika! Juzi nikajipa moyo nikamuuliza kama bado anamkumbuka Zaina. Akajibu taratibu, "Zamani nikiutazama mkono huu nilimkumbuka yeye. Siku hizi nakukumbuka wewe."

Hakusema kwa hasira. Laiti angenipiga!

Dada zangu, nawasihi. Alama iliyo kwenye ngozi ya mtu msiiguse kwa dawa za kuambiwa shambani. Ulizeni kwa tabibu, na akisema haitoki, iacheni! Na balaa likishatokea, semeni kweli mapema. Mimi nililionea haya neno moja la kweli, mume wangu akalilipia kwa mkono.