Waya Juu ya Mlingoti wa Mkonge

Redio ilikoroma, ikapiga chafya, ikanyamaza.

Zipora aliitukana tusi ambalo mama yake, mwanakwaya wa Runzewe, asingeamini kwamba mwanawe analijua.

Alikuwa amesimamisha pikipiki yake, Boxer, kwenye njia panda, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Land Cruiser nyeupe aliyoifukuza tangu Segese ilikuwa imemezwa na vilima vya Nyang'hwale. Ndani ya gari hilo, chini ya viroba vya mchanga wa dhahabu, alilala Luka, amefungwa kamba mikono na miguu.

Luka, mwenzake wa kazi. Luka aliyeishi kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo, akijifanya mmoja wao, akila vumbi na kulala kwenye turubai, ili Idara ijue dhahabu ya nchi inavushwaje mpaka na mgeni mmoja aliyejiita Viktor. Leo asubuhi walikuwa wamemgundua.

Thuraya, simu yake ya setilaiti, ikaita.

"Tai, uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Otmar, mkuu wake, kutoka Dodoma, akimwita kwa jina lake la kazi.

"Nimewapoteza."

"Nipe eneo, nikupe kikosi. Vijana wako Kharumwa, injini zinawaka."

"Eneo ningelipata kama redio mliyonipa ingekuwa redio."

"Hiyo ni Tecsun, Tai. Mpya kabisa."

"Hata jeneza huwa jipya."

Akakata.

Viktor hakuwa mjinga. Hakutumia simu, maana simu hufuatiliwa. Alikuwa na mtambo mdogo wa kurushia matangazo, kama ule wa wahubiri, na vijana wake wote walimsikiliza kwa viredio vya kuning'iniza shingoni. Huku kila mchunga ng'ombe ana redio shingoni, nani angewashuku? Mtangazaji wao alikuwa Enock, aliyewahi kuendesha kipindi cha salamu mjini kabla ya kufukuzwa kwa wizi. Luka ndiye aliyeyatuma masafa yao: pale mshale wa redio unapoishia, pasipo na kituo.

Masafa alikuwa nayo. Alichokosa ni kusikia.

Aliona kaya moja kando ya majaruba ya mpunga, akaelekea huko. Mwanamke mzee alikuwa anaanika mpunga uani.

"Mwangaluka, mayu," Zipora alisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka mhola, ng'wana wane. Mbona umevimba uso hivyo? Umeachika?"

"Bora ningeachika. Naomba waya, mama. Wowote ule."

Bibi huyo, Lusia, alimwonyesha kwa kidevu mota ya pampu iliyoungua, imetupwa chini ya ghala. "Hiyo ilimaliza ng'ombe wangu mmoja halafu ikafa. Ichinje tu."

Zipora akaichinja. Alivuta waya wa shaba kwa plaizi, akikwangua rangi yake kwa kisu kana kwamba anamkwangua Viktor ngozi. Baba yake aliwahi kufanya hivi hivi kila kulipokuwa na mechi, na nyumba nzima ilikatazwa kupiga kelele. Alikata vipande viwili, kila kimoja urefu wa kutoka begani hadi ncha za vidole. Akavifunga juu ya ubao mwembamba, kimoja kushoto, kingine kulia, visigusane. Katikati akashusha nyaya mbili ndefu: mmoja akaukaza kwenye antena ya Tecsun, mwingine akauchomeka kwenye springi ya betri upande wa hasi. Ubao akaufunga juu ya mlingoti wa mkonge uliokuwa umeegemezwa zizini.

Akausimamisha.

Mkoromo. Mkoromo. Halafu sauti ya mwanamume, nzito, yenye madaha, kana kwamba anauza sabuni.

"...nawakumbusha vijana wa duarani. Mgeni wetu yumo shimoni, salama salimini. Mkisikia wimbo wa harusi, ng'oeni magogo yanayoshika kuta, shimo lijifunge. Masika hii yameporomoka mangapi? Nani atauliza?"

Lusia aliacha kuanika. "Bebe! Wanamzika mtu mzima mzima?"

"Mwenzangu, mama."

Nani atauliza! Wachimbaji wangapi wamelala chini ya udongo huu, wake zao wakiambiwa ni ajali, kumbe mtu alicheza wimbo?

Akaanza kuuzungusha mlingoti polepole. Sauti ikapanda, ikashuka, ikafifia karibu kupotea. Hapo akasimama. Waya wa namna hii husikia vizuri ubavuni. Ncha zake zikielekea kwenye kituo, huwa kiziwi. Ncha moja ilitazama majarubani, maji hadi magotini, ambako hakuna gari lingepita. Ya pili ilitazama kilima cha mawe.

Lakini kilima kilikuwa kirefu kama uvivu. Wako upande gani?

Aliurudisha mlingoti ili asikie, na Enock mwenyewe akamjibu. Mtangazaji wa salamu haachi tabia yake. Kufunga kipindi bila salamu ni sawa na kutoka msibani bila kutoa pole.

"Na kabla sijawaacha," alisema kwa ulaini, "salamu zimwendee mama Nelly, anayetupikia hapa kwenye kanisa lililoezuliwa paa. Mama, perege wa leo wametulia!"

"Kanisa la mawe," Lusia alisema. "Liko nyuma ya kilima hicho hicho. Upepo uliliezua, padri akahama."

Zipora tayari alikuwa na Thuraya sikioni. "Kanisa bovu, nyuma ya kilima, magharibi ya Kharumwa."

"Vizuri. Subiri kikosi," alisema Otmar.

"Wimbo hausubiri."

Boxer ilipanda kilima ikilia. Kileleni aliizima, akashuka upande wa pili kwa miguu, bastola yake ya Glock mkononi.

Land Cruiser ilikuwa imeegeshwa ukutani. Mlinzi alikaa mlangoni, SMG yake ameiegemeza pembeni, mkono wa kulia umezama kwenye ugali. Alimwona Zipora, akautazama mkono wake, akaitazama bunduki.

Kitako cha Glock kilimlaza kabla hajaamua. Mama Nelly alikimbia na mwiko.

Ndani, palipokuwa na altare, palikuwa na meza, mtambo, maikrofoni na kompyuta ndogo. Enock alikuwa amekaa. Viktor alisimama, shati jeupe, kidole juu ya kitufe.

Zipora alifyatua. Kompyuta ikapasuka.

Viktor alicheka. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko roho yake. "Umejisumbua. Wasiposikia neno hadi jua la utosi, watang'oa wenyewe. Kimya nacho ni amri."

Mkono wake ulishuka kiunoni. Risasi ya pili ikampata begani, akaanguka chini akilia kama mtu mwingine yeyote.

Zipora alimgeukia Enock. Mtu mwenye mvi, mkubwa kwake kwa miaka mingi.

"Shikamoo, dada," Enock alisema.

"Marahaba. Shika maikrofoni."

Alimwekea mdomo wa bastola kisogoni. Alitamani kufyatua, hilo hakujificha. Aliwawaza wale wajane, kidole kikamwasha. Lakini Luka alikuwa chini ya magogo, na sauti hii ndiyo pekee waliyoitii walioyashikilia.

"Vijana wa duarani," Enock alianza, sauti ikimtetemeka, "wimbo umeahirishwa. Mtoeni mgeni. Mfungueni kamba, mpeni maji. Mwacheni aende."

"Na salamu," Zipora alinong'ona, akamtajia majina. "Bila salamu hawataamini ni wewe."

"Salamu... salamu zimwendee Luka. Na mkewe, Violeth. Aandae chakula."

Halafu akazima maikrofoni, akataja duara liliko, na Zipora akamsomea Otmar. Kisha ikabaki kusubiri, na kusubiri kulimuuma kuliko risasi. Wakati pingu zinawafunga wawili hao, na magari ya kikosi yamejaa uwanjani, Thuraya ikaita tena.

"Zipora?" Ilikuwa sauti ya Luka, imejaa matope, kwa simu ya askari waliomfikia. "Walinzi walikuwa wamefungulia redio mdomoni mwa shimo. Nikamsikia anatoa salamu huku anatetemeka. Nikajua una kitu kisogoni kwake."

Zipora alifumba macho. Machozi yalimtoka, nayo yakamkasirisha zaidi. "Nenda ukale, mpumbavu wewe," alisema.

Otmar akaingia kwenye laini. "Kazi nzuri, Tai. Utarudisha vifaa vya ofisi."

"Redio imepotea kazini."

Redio ilikuwa uani kwa bibi Lusia, juu yake mlingoti wa mkonge, ikimwimbia kwaya anapoanika mpunga. Pampu yake ilikuwa imemlipa walau kitu.

Enock, akisukumwa garini, alishindwa kuvumilia. "Vilima vinatuziba pande zote. Umenipataje?"

Zipora aliipiga Boxer kiki.

"Ulimsalimia mpishi," alisema, akaondoka bila kugeuka.